Huinami, Hupandi, Unakaa

Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, sebule ya fundi cherehani iligeuka duka la magari. Kochi la watu wawili, lile lililozama katikati, ndilo lilikuwa Mkubwa. Kiti cha plastiki kilikuwa Wa Kati. Stuli ya cherehani ilikuwa Mdogo, meza ya kulia ilikuwa Twiga, na ndoo iliyopinduliwa kando ya mlango ilikuwa Bubu, kwa sababu Bubu ni gari la umeme na hata likiwashwa halisemi neno. Mume wa fundi alisimama katikati ya vyombo hivyo amevaa koti la suti ambalo bado halijatiwa mikono, pini zimemjaa mabegani. Mteja wake alikuwa binti yao wa kidato cha tatu, amejitanda shuka na kuvaa miwani ya jua yenye kioo kimoja.

“Haya, mhudumu,” binti akasema kwa sauti ya puani. “Pesa ninazo, akili sina. Nichukue lipi?”

Fundi alicheka na pini zake mdomoni, karibu azimeze.

Magari yenyewe yalikuwa ya kampuni moja, baba mmoja mama mmoja, na la bei nafuu kuliko yote lingeweza kununua safu nzima ya nyumba za mtaa wao na chenji ikabaki. Majina yao ya kweli ni herufi na namba, ya kuandikwa nyuma kwa chuma kinachong’aa. Lakini kule chini ya duka, kwenye chumba cha kuoshea, waosha magari hawakuwa na haja na herufi. Waliyabatiza wenyewe, na mume wa fundi ndiye aliyekuwa mkuu wa ubatizo. Yeye mwenyewe walimwita Kioo. Miaka kumi na moja alikuwa akiyasugua na kuyapaka dawa ya kung’arisha, na gari likitoka mikononi mwake ungeweza kusimama mbele yake ukachana nywele.

Ila mikono yenyewe, jamani. Dawa ile ilikuwa imemchuna ngozi kuanzia kuchani hadi kiganjani, vidole vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Glavu walikatazwa, glavu zinakwaruza rangi, waliambiwa, na rangi ya gari ina bei. Na kifua nacho kilikuwa kimeanza. Kila mara kabla ya kusema neno lazima akohoe kidogo, kikohozi kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha hodi. Daktari wa zahanati alimwambia waziwazi: acha hiyo dawa, baba, hakuna mafuta nitakayokupa yatakayoshindana nayo. Aiache aende wapi? Mtu wa miaka arobaini na saba, aliyesomea kitambaa na ndoo?

Ndipo wiki ile ikatoka habari kwamba kule juu, kwenye ukumbi wa vioo, anatafutwa muuzaji, na mfanyakazi yeyote ruksa kujaribu. Mtihani wake ni mmoja tu: usimame mbele ya wakubwa, uwalinganishie magari matano ya kampuni, moja baada ya jingine, mpaka mteja ajue lipi ni lake. Kioo aliposikia hivyo alirudi nyumbani mbio mbio kama mtoto aliyepewa zawadi. Kule juu hakuna dawa. Kule juu kuna hewa.

Akakohoa, akaweka mikono nyuma. “Gari hili, mheshimiwa, ni muunganiko wa nguvu, ustadi na anasa isiyo kifani.”

Binti akapiga miayo.

“Hebu ngoja,” fundi akasema, akatoa pini mdomoni. “Hayo maneno umeyatoa wapi?”

“Kwenye karatasi yao ya matangazo.”

“Basi yaache kwenye karatasi yao. Mimi niko kwenye cherehani tangu asubuhi, kiuno kimekufa. Nimekuja dukani kwako. Usiniambie anasa. Niambie nikae wapi.”

Kioo akavitazama viti vyake. Halafu akaanza kusema kama anavyosemaga wakiwa mezani, na hapo ndipo nyumba ikatulia kumsikiliza. Mdogo, alisema, ni wa mtu asiye na watu: anaingia penye upenyo wowote wa kuegesha, lakini wa nyuma magoti yatamfika kidevuni. Twiga ni wa mwenye familia na barabara mbovu, ila usimnunulie bibi yako, maana kila siku utamtafutia kigoda cha kupandia. Bubu humsikii akija, na kuku wa watu watakwisha. Mkubwa ni wa mtu anayeendeshwa. Ukiona mwenye Mkubwa amekaa mbele, ujue dereva kaacha kazi. Mkubwa yuko chini, unainama kuingia kama unaingia pangoni, lakini ukishafunga mlango, dunia yote inanyamaza.

“Umeisikia wewe mwenyewe ikinyamaza?” fundi akauliza.

“Hapana. Sisi hatufungi milango. Ukijifungia na ile dawa utazimia. Halafu tunaingia tumevua viatu, tunakalia nailoni. Lakini wanaonunua wanasema.”

“Na huyu?” Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

“Wa Kati. Huyo urefu wake uko kiunoni kwa mtu. Sijui nisemeje.”

Fundi akainuka, akakaa tena, akainuka, akakaa. “Sema hivi. Huinami, hupandi, unakaa.”

Kioo akarudia polepole. Binti akavua miwani, akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake la hesabu.

*

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Fundi hakushona chochote cha mteja siku mbili, alimaliza koti. Na koti lile, hata adui angekubali, lilikaa. Alipasi suruali, akang’arisha viatu, akapaka kidoti cha mafuta kwenye mikono ya mumewe na kuipuliza kama uji wa mtoto. Soksi moja ilikuwa na tundu, akaishona. Ya pili nayo ilikuwa na tundu dogo kwenye dole gumba, na saa ilikuwa imekwenda, akajiambia nani atamwona mtu soksi.

Jioni Kioo aliingia, akatundika koti msumarini, akakaa kwenye ndoo. Fundi alimtazama usoni akajua pana jambo. Hakumharakisha. Alimwekea chai.

Alianza vizuri, alisema. Walikuwapo meneja, wanaume wawili wa makao makuu, na dada mmoja anayerekodi kwa simu. Alimaliza Mdogo, akamaliza Twiga, na kwenye kuku wa Bubu wote walicheka. Akafika kwa Wa Kati, akasema ile ya huinami, hupandi, na mmoja wa wale wa makao makuu akaandika. Meneja akamwambia, hebu ingia basi utuonyeshe.

“Nikavua viatu,” Kioo akasema.

“Ukavua nini?”

“Viatu. Hata sikujua kama nimevua. Miaka kumi na moja siingii gari lile na viatu. Mguu haukuniuliza.”

Aliviweka kando ya mlango wa gari, kimoja pembeni ya kingine, vizuri kabisa, kama mgeni mwenye adabu. Akaingia, akanyoosha mguu ili waone nafasi, na dole gumba likatoka kwenye soksi likawatazama. Aliyeanza kucheka ni yule aliyekuwa akiandika. Wakafuata wote. Dada wa simu akasogea karibu, akalirekodi dole.

Fundi akajishika kichwa. Mtaa mzima unamletea nguo zilizochanika, na mume wake mwenyewe kaaibika kwa tundu la uzi wa dakika mbili. Alitaka kuomba radhi akashindwa pa kuanzia. Kioo ndiye aliyembembeleza. Alimaliza yote matano, alisema, na mwisho walimpigia makofi. Si makofi ya mzaha. Makofi ya kweli.

“Basi umepata,” binti akasema kutoka chumbani.

“Lala wewe,” baba yake akamjibu, lakini alikuwa akitabasamu.

*

Jibu lilikuja Jumatatu, na hakuitwa hata ofisini. Meneja alimkuta ngazini akipandisha ndoo. Alimpiga bega, akamwambia maelezo yake yalikuwa ya daraja la kwanza, makao makuu hawajawahi kusikia kitu kama kile. Tatizo ni moja tu.

“Kazi ya juu ni ya kupeana mikono, Kioo,” alisema. “Mteja wa hapa anakuja, unampa mkono. Sasa mkono huo…”

Hakumaliza. Aliutazama tu mkono uliokuwa umeshika ndoo, akapangusa wake kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika kitu.

Nafasi akapewa mpwa wa meneja, mtoto wa dada yake, kijana aliyemaliza masomo na kukaa nyumbani miaka miwili akisubiri nafasi inayomfaa. Hakufanya mtihani. Alipewa ile rekodi aisikilize. Na Kioo aliombwa, aliombwa kwa heshima kabisa, awe anafika saa moja kabla ya kazi amfundishe kijana. Wewe ni hazina yetu, meneja alimwambia.

Fundi aliposikia hayo, mguu wake ulikoma juu ya pedeli ya cherehani. Alikuwa mwanamke wa maneno, lakini siku ile maneno yalimtoka kwa zamu, moja moja.

“Mikono hiyo imeliwa na nani?”

Kioo akaificha mikono kwapani.

“Ulizaliwa nayo hivyo? Mimi nilipoolewa nawe ulikuwa na mikono hii? Wamekunyima glavu mpaka vidole vikaoza, sasa wanakunyima kazi kwa sababu vidole vimeoza. Hivi wewe hilo unalisikia?”

“Nalisikia, mke wangu.”

“Na utaenda kumfundisha?”

“Nisipoenda watanitoa hata kule chini. Tuvute subira. Mvumilivu hula mbivu.”

“Mbivu wanakula wao,” fundi akasema. “Wewe wanakutupia kokwa, na unasema asante.”

Akamfundisha. Kila siku aliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na kila jioni alirudi na kituko. Kijana anamtofautisha Mdogo na Wa Kati kwa rangi, na siku wakileta rangi mpya anapotea. Kijana haamini kama Bubu amewaka, amemkanyaga hadi akagonga ukuta. Binti alicheka hadi machozi. Fundi hakucheka. Alikuwa akihesabu vidole vilivyofungwa bandeji: kwanza viwili, kisha vinne, kisha mkono wa kulia wote ukabaki na dole gumba tu nje. Mlango wa nyumbani Kioo alikuwa akiusukuma kwa kiwiko. Ndivyo anavyofungua hata magari siku hizi, aliwaambia, kwa kifundo cha mkono, na kumbe kila gari lina tabia yake hata kwenye hilo.

Mwezi ukapita hivyo.

*

Siku moja fundi alikuwa akipeleka sare za shule kwa mteja, furushi kichwani, akasimama kwenye mzunguko wa barabara kungoja magari yapite. Aliinua macho. Juu ya nguzo mbili palikuwa na bango refu kuliko nyumba, na ndani yake Wa Kati, rangi ya fedha, mlango wazi. Chini yake maandishi, herufi kubwa mtu mzima anaweza kulala ndani yake: HUINAMI. HUPANDI. UNAKAA.

Alisoma mara ya kwanza akacheka, kama unavyocheka ukimwona mtu wa kwenu ugenini. Alisoma mara ya pili. Mara ya tatu kicheko kikamwisha. Maneno yale aliyasema yeye, na pini mdomoni, kiuno kinamuuma, akiwa amekalia kiti cha plastiki chenye ufa. Hakuna aliyemwambia mama, tumeyapenda, tunaomba tuyatumie. Hawakumpa hata shukurani ya mdomo. Waliyachukua kwa mumewe kama unavyochukua kitambaa mkononi mwa mtu, halafu wakamrudisha chini kwenye ndoo. Dereva mmoja alipiga honi; alikuwa amesimama katikati ya njia bila kujua. Alizikabidhi zile sare, akarudi kwa njia nyingine asilione tena lile bango.

Fundi hakumwambia mumewe. Kwa nini amwambie? Amwongezee kidonda?

Jumatano asubuhi, mumewe alipokwisha kuondoka, fundi alivaa gauni lake la kijani alilolishona kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Kama kuna kitu kimoja mshonaji maskini hakosi ni nguo ya kutokea. Akajifunga kilemba, akavaa viatu vya visigino vifupi, akaenda kwa miguu hadi kwenye ukumbi wa vioo.

Mlinzi alimfungulia mlango na kuinama kidogo. “Karibu sana, mama.” Ni mlinzi yuleyule ambaye mwaka jana, fundi alipokuja amevaa la kushindia kumletea mumewe chakula alichosahau, alimwonyesha mlango wa nyuma kwa kidole bila kumtazama.

Basi ndivyo alivyoyaona kwa mara ya kwanza, yote matano, yamepangwa juu ya sakafu inayong’aa. Aliyatambua kama mtu anavyowatambua ndugu wa mumewe kwa kusimuliwa. Yule kule juu, Twiga. Yule asiye na pua, Bubu. Alikaribia kuwasalimia.

Mpwa wa meneja alimjia na tabasamu. Suti yake ilikuwa ya dukani, mikono mirefu kwa vidole viwili. Alimpa mkono, mkono laini kama unga. Fundi akamwambia anatafuta gari, hajui lipi, amlinganishie. Kijana akaweka mikono nyuma. Halafu akakohoa.

Kikohozi kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha hodi.

Fundi alimkazia macho. Kijana hakuwa na mafua, hakuwa na chochote. Kikohozi kilikuwa kwenye rekodi, naye alikikariri pamoja na mengine, akidhani ni sehemu ya maelezo. “Mdogo ni wa mtu asiye na watu,” alianza, na kila mara kabla ya gari jipya alikohoa tena, vilevile, mahali palepale. Magoti ya kidevuni yalikuwapo. Kigoda cha bibi kilikuwapo. Kuku walikuwapo. Fundi alisimama akisikiliza sebule yake ikisemwa na mtu mwingine, akashika mlango wa Wa Kati ajizuie kumkatiza.

Pale karibu palikuwa na bwana mmoja mnene, viatu vyake vina tope hadi kwenye kamba. Aliingia ndani ya Mkubwa, akakanyaga zulia jeupe, akatoka, akaacha mlango wazi. Hakuna aliyemwambia kitu. Wahudumu wawili walimfuata na glasi ya maji.

“Naomba kuuliza,” fundi akasema. “Mtu ana mikono mibovu. Imefungwa bandeji, vidole havikunji. Kati ya haya matano, ni lipi atalifungua mwenyewe bila kuumia?”

Kijana akafungua karatasi. Akaigeuza upande wa pili. Meneja, aliyekuwa akimsindikiza bwana wa tope, aliona hali akasogea, akatabasamu kwa mteja, akamnong’oneza mpwa wake: “Mwite Kioo.”

Kioo alipanda na ovaroli lililolowa dawa, viatu vya kazi vikitoa maji, kitambaa begani. Alimwona mkewe, gauni la kijani, akasimama. Fundi hakupepesa.

“Mama huyu ana swali,” meneja akasema. “Mweleze, halafu ushuke.”

Kijana akalirudia swali. Kioo alimtazama mkewe. Halafu akakohoa, akajibu. Bubu asahau, alisema, vishikio vyake vimejificha mlangoni, lazima uvibonyeze ndipo vitoke, na kidole chenye kidonda hakibonyezi. Mdogo kishikio ni chembamba. Mkubwa anafungua vizuri na mlango unajivuta wenyewe kujifunga, lakini kuinama kunamfanya mtu ashike paa, na kushika ndiko kunakouma. Twiga kishikio kiko juu. “Wa Kati,” alisema. “Kishikio chake kipana. Unapitisha kifundo cha mkono, unavuta kwa bega. Vidole huvihitaji. Hivi.” Akafungua kwa mkono wa bandeji, polepole, na mlango ukaja.

Bwana wa tope alikuwa amegeuka anasikiliza. “Huyu mtu anajua,” akasema. Meneja akacheka, akamwambia ndiyo mafunzo tunayowapa wote hapa.

“Ingia unionyeshe na ndani,” fundi akasema.

Kioo akainama kufungua kamba za viatu. Vidole havikukunja. Alipapasa fundo, likamkatalia, akapapasa tena.

“Usivue.”

“Mama, huyu lazima avue,” meneja akasema kwa upole. “Ndio utaratibu wetu.”

“Yule bwana amevua?”

Kioo alibaki pale ameinama, anatazama kamba zake, na tope la yule bwana kwenye sakafu aliyoipangusa asubuhi. Kisha akanyooka. Hakuingia ndani ya Wa Kati. Alimpita meneja, alama za viatu vyake zikimfuata sakafuni, akafika kwa Mkubwa ambaye mlango wake ulikuwa bado wazi, akainama, akakaa kiti cha nyuma, juu ya ngozi yenyewe, bila nailoni.

“Njoo, mke wangu,” akasema.

Meneja alisikia neno hilo na uso wake ukabadilika. Fundi alikuwa ameshaingia upande wa pili. Kioo akavuta mlango kwa kifundo cha mkono, na mlango ukajimalizia wenyewe.

Dunia ikanyamaza.

Ilikuwa kweli. Nje ya kioo meneja alikuwa akifungua mdomo na kufumba, kijana akikimbia huku na huko, mlinzi akija, na hakuna hata moja lililosikika. Kioo aliegemea nyuma, macho yamefumba. “Hili hawakudanganya,” akasema.

Fundi alikuwa akisikiliza kitu kingine. Kifua cha mumewe. Nyumbani kuna cherehani, kuna redio ya jirani, kuna watoto uani. Hajawahi kukisikia namna hii. Kila pumzi ilikuwa ikipita kwa shida, inakwaruza, inapiga filimbi nyembamba, inakwama, inapita. Mwezi mzima alikuwa akiwaza mikono. Akaweka kiganja chake kifuani mwa mumewe akakisikia kikitetema.

“Twende nyumbani,” akasema. “Hapa hurudi tena. Nitashona usiku na mchana, utanikatia vitambaa kwa kiwiko, lakini huku chini hushuki.”

“Nilijua utasema hivyo,” Kioo akasema. Alikaa kidogo zaidi. Halafu akafungua.

Kelele zikaingia zote kwa pamoja. Meneja alikuwa akisema kazi huna, kazi huna kuanzia sasa hivi, na akaonyesha kiti. Pale Kioo alipokuwa amekaa palikuwa na doa kubwa la unyevu, na ile dawa ya ovaroli ilikuwa inaanza kuila ngozi, pembeni pamegeuka weupe. Kijana akaja mbio na chupa ya maji na kitambaa.

“Maji hapana,” Kioo akasema, kabla hajajizuia. Mkono wake wa bandeji ulikuwa umeshanyanyuka.

Kijana akaganda. Meneja akatazama kiti, ambacho bei yake peke yake ilikuwa mshahara wa mtu wa miaka mingi, akaona weupe unazidi kutambaa. “Kwa nini maji hapana? Basi inatolewa kwa kitu gani? Kioo?”

Wote wakamtazama: meneja, mpwa, bwana wa tope, wahudumu na glasi zao. Fundi naye alimtazama. Alimwona akifungua mdomo, kikohozi kikabisha hodi, na jibu lilikuwapo pale pale nyuma ya meno. Baada ya miaka kumi na moja, kwake lilikuwa jambo dogo.

Kioo akafumba mdomo. Akatoa kitambaa begani, akakikunja mara mbili kwa viganja, akakiweka juu ya paa la Mkubwa.

“Si mnayo rekodi,” akasema. “Sikilizeni humo.”

“Bwana Kioo,” meneja akasema nyuma yake, na tangu aajiriwe hakuwahi kuitwa bwana kwenye jengo lile. “Bwana, tafadhali.”

Hawakugeuka. Walikwenda kwenye mlango wa mbele, ule wa wateja. Mlinzi aliwaangalia wakija, akamwangalia meneja, asijue la kufanya, akabaki amesimama. Kitasa cha mlango ule kilikuwa cha duara, cha kushikwa kwa vidole vyote vitano. Fundi akamfungulia mumewe, wakatoka.